Jiwe Lililopata Ukaazi

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ndiyo maana siitaji jina. Mwenye kuifahamu atanyamaza kama mimi, na asiyeifahamu namwonea wivu.

Nchi hiyo ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Chungu Kimoja. Mataifa kadhaa yalikubaliana kupika pamoja na kula pamoja, na raia wa hapa akitaka kuhamia kule alibeba godoro lake akaenda, hakuna wa kumuuliza. Miongoni mwao kilikuwamo Kisiwa cha Manyunyu, mahali ambapo mvua haiishi na jua huonekana kwenye picha. Watu wa Manyunyu wakishazeeka walikuja kwetu kuota jua. Walinunua vilima vyetu vyote vyenye upepo, wakajenga, wakafuga mbwa wenye majina ya watu. Mtu wa ng'ambo ya mto akija kwetu kulima huitwa mhamiaji. Mtu wa Manyunyu akija kwetu kulala huitwa mkaazi wa heshima. Sisemi ni vibaya. Naeleza tu jinsi lugha yetu ilivyo tajiri.

Siku moja Manyunyu wakapiga kura, wakajitoa kwenye Chungu. Walisema chungu kina wageni wengi mno, mikono imejazana humo ndani, na wao wana mfuniko wao wenyewe. Wakatoka kwa tarumbeta na bendera. Walipofika nje ndipo walipokumbuka kwamba vijiko vyao vimebaki ndani, pamoja na nyumba zao za kupumzikia.

Kuanzia hapo, kwa sheria za Chungu, mtu wa Manyunyu anayetaka kuishi kwetu akawa mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Aombe kibali. Aoneshe kwamba anaweza kujilisha, kwamba ana bima ya maradhi, kwamba hakuwahi kufungwa. Asipokuwa na kadi ya ukaazi, akae kidogo kisha arudi kwao akanyeshewe. Na dirisha la kuombea kadi lilikuwa moja tu, la Idara ya Wageni, lenye foleni ya watu wa ng'ambo ya mto.

Hapo wengine tulicheka, kwa adabu, tukiwa tumeziba midomo. Maana foleni waliileta wao, zama zile walipokuwa wakitutawala. Kabla yao tulikuwa tunasongamana kwa heshima: mwenye mtoto mgongoni anapishwa, mwenye jipu anapishwa. Wao wakachora mstari ardhini, wakamweka askari mwenye kiboko. Bibi yangu mzaa mama alitoka mstarini kwenda kunyonyesha. Aliporudi alichapwa, kisha akaambiwa nafasi yake imeshapita, arudi mwisho. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, lakini nakumbuka vizuri. Ni wao pia waliosema mto ni mpaka. Kabla yao mto ulikuwa mto tu, watu walifulia huku wakaanika kule.

*

Sasa nimlete Bi Siwema, maana habari hii ni yake.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, karibu kiasi kwamba jogoo wa kwao ndiye aliyewaamsha wavivu wa kwetu. Aliolewa na rafiki yangu Ndaro, seremala. Kwao bibi harusi hapikii juu ya mawe ya watu wengine. Anavuka na mafiga yake matatu kutoka jikoni kwa mama yake. Basi Bi Siwema alivuka mto ana mafiga kichwani, na mafiga hayo yakampikia Ndaro maisha yao yote. Watoto Mungu hakuwapa.

Kisha Ndaro akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafungwa, akabakiwa na macho na mkono wa kushoto. Mtu wa namna hiyo lazima ageuzwe, upande huu, kisha upande ule, mchana kutwa na usiku kucha, la sivyo ngozi inafunguka vidonda. Bi Siwema alikuwa akimgeuza. Hakukuwa na mwingine.

Ndipo ilipotoka amri. Serikali yetu, ili kuwaonesha wenzake wa Chungu kwamba haina mchezo na wageni, ilitangaza kuwa kila mgeni asiye na kadi masika yakiisha atavushwa mto. Bi Siwema alikuwa kwenye foleni ile tangu serikali iliyopita. Si ajabu. Foleni ya kwetu haiishi jioni, unalala na nafasi yako. Na kwa kuwa binadamu ana shida zake, tuna desturi: mtu akibanwa huacha kitu mahali pake, kandambili au kopo, na kitu hicho kinakuwa ni yeye. Hakuna anayekiruka. Bi Siwema aliacha figa lake moja, kwa sababu kandambili huibiwa. Nyumbani sufuria yake ikakalia mafiga mawili na kopo la rangi, imeinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Mimi ni raia, dirisha lile halinihusu. Lakini nilikuwa nikienda kumlindia jiwe wakati yeye yuko nyumbani anamgeuza mumewe. Nilikwenda pia kuona wivu, maana watu wa Manyunyu walikuwa wameanza kufika.

*

Serikali iliona haya kuwaona Manyunyu wamesimama nyuma ya wahamiaji. Mheshimiwa Waziri wa Makaazi, Wageni na Mapokezi alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "mgeni ni mgeni, hilo halina ubishi. Lakini wako wageni ambao ukiwasimamisha juani wanaiva, na sura ya nchi inaharibika."

Ikatolewa amri kwamba mtu wa Manyunyu akifika foleni aletewe kiti, chai ya maziwa na mwamvuli, kisha aitwe mbele ya wote. Mwamvuli ule niliupima kwa macho: nyumba ya jirani yetu Bi Kidawa ingeingia chini yake na choo chake. Bi Kidawa mwenyewe ni mtu wa wivu tangu utotoni, huwaonea wivu hata waliokufa kwa mazishi yao. Alipouona mwamvuli ule alikwenda nyumbani akalala.

Mtu wa kwanza kuletewa mwamvuli ule aliitwa Bwana Pelamu. Alikuja na soksi za magotini na mbwa wake, Jofrei. Waziri alikuwa ametuma watu wa televisheni ili nchi nzima imwone akipewa kadi. Bwana Pelamu akafika foleni, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akasimama. Mbele yake lilikuwa jiwe la Bi Siwema, na mbele ya jiwe lilikuwa dirisha. Baada ya miaka yote ile, zamu ilikuwa imefika.

Bwana Mfaume, Mkuu wa Dirisha, alitoka mwenyewe, mikono kaikunja kifuani.

"Karibu mbele, Bwana."

"Asante sana. Kuna mtu mbele yangu."

"Hilo ni jiwe, Bwana."

"Naliona. Liko mbele yangu."

Bwana Mfaume akamweleza kwamba kwa amri ya Waziri yeye anatangulia watu, sembuse mawe. Bwana Pelamu akaiva zaidi. Alikuwa ameishi kwetu misimu mingi ya baridi na desturi ya kuacha kitu anaijua. Akasema, kwa Kiswahili chake alichojifunza kwenye kanda, kwamba kwao mtu anayeruka foleni haamkiwi na mama yake. Chai atakunywa, kiti atakalia, ila hatapita. Walipoichukua nchi yetu hawakuuliza nani alikuwa mbele. Lakini foleni ni foleni.

Kamera zikangoja. Chai ikapoa. Jasho likamtoka Bwana Mfaume kwenye kola. Nikamwambia mwenye jiwe ni mama fulani, amekwenda kumgeuza mgonjwa, atarudi sasa hivi. Akanitazama kama mtu anavyotazama mvua siku ya harusi yake. Akasema yeye hana amri ya kungoja mtu. Ana amri ya kummaliza aliye mbele ili afike kwa aliye nyuma. Akaingia ndani, akaketi, akaliita jiwe.

Likabebwa na askari wawili, likawekwa juu ya meza.

"Jina?"

Kimya. Akaandika: Jiwe.

Alipouliza linatoka wapi, foleni nzima ilijibu kwa pamoja kuwa linatoka ng'ambo ya mto. Akauliza kama limewahi kushiriki maandamano. Kimya. Akauliza kama lina malalamiko yoyote dhidi ya serikali. Kimya. Bwana Mfaume akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani hakuwahi kukutana na mwombaji mwenye malezi kama yale. Maradhi ya kuambukiza halikuwa nayo. Akauliza kama linaweza kuishi bila kuomba chakula wala dawa wala shule, na hapo hata mimi nilikiri moyoni kwamba katika nchi yetu hakuna mwingine ambaye angeliulizwa swali hilo asitikisike.

Kwenye nafasi ya rangi akaandika: nyeusi mbele, kijivu nyuma. Maana figa huungua upande mmoja. Akagonga muhuri. Kwa kuwa mwombaji hakuwa na dosari, akapewa kadi ya kudumu. Bwana Pelamu akafuata, akauliza swali moja kuhusu mbwa wake, akapewa kadi ya mwaka mmoja.

Bi Siwema alirudi mbio, mikono bado ina mafuta ya kumkandia mumewe. Akalikuta jiwe lake limebandikwa kadi. Akaenda dirishani, akasema jiwe lile ni yeye, naye sasa amefika mwenyewe, wamwandike.

"Mama," Bwana Mfaume alimwambia kwa upole, "nafasi yako imeshapita. Rudi mwisho."

Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia, kabla sijazaliwa.

*

Nimewaonea wivu watu wengi maishani. Nimemwonea wivu mtu aliyefungwa, kwa kuwa jela ilikuwa na maji. Lakini kulionea wivu jiwe ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sikuwa peke yangu. Mtaa mzima ulipita kulitazama. Bi Kidawa aliacha kumwamkia Bi Siwema, akawa akifika mlangoni analiamkia jiwe. "Shikamoo, mkaazi," anasema, kisha anaondoka akisonya. Bi Siwema naye alikuwa akililaza jikoni na kulisema kama mke mwenza: wewe una kadi, mimi sina, haya, chemsha maji basi.

Aliyeumia kuliko wote ni Bwana Pelamu. Alinikuta kwa kinyozi akaniambia yaliyo moyoni. Kadi yake ya mwaka mmoja, ya jiwe ni ya milele. Wenzake waliohamia kabla ya kura wamebaki na haki zao, wanamwangalia kama mtu aliyefika karamuni vyombo vinaoshwa.

"Nilipiga kura ili wageni watoke kwetu," alisema. "Sikujua kwamba na mimi ni mgeni."

Nikamwambia asijali, atazoea. Sisi tulizoea tukiwa nchini mwetu wenyewe.

Masika yakakaribia kuisha. Idara ikamtuma mkaguzi kuona kama mkaazi mpya ana makao bora. Mkaguzi akaingia jikoni kwa Bi Siwema, akalikuta liko motoni, limebeba sufuria ya maharage.

"Unamchoma mkaazi wa kudumu?" aliuliza.

Jiwe likahamishiwa kitini, sufuria ikarudi kwenye kopo. Bi Siwema alitakiwa kueleza kwa nini yeye, mgeni asiye na kadi, anaonekana katika nyumba ya mkaazi. Bwana Mfaume akaitwa, akaona hatari iliyo mbele yake. Kusema kadi ilitolewa kwa makosa haiwezekani, serikali haijawahi kukosea. Basi akafunua sheria, akapata kifungu kisemacho mkaazi wa kudumu anaweza kukaa na mtegemezi mmoja. Bi Siwema akaandikwa: mtegemezi wa Jiwe. Ruhusa yake ya kuishi nchini itadumu maadamu anaishi pale mkaazi wake alipo.

Alipomsimulia Ndaro, mkono wa kushoto ulipiga godoro, pu, pu, pu. Tangu augue hakuwa amecheka.

*

Tungeishia hapo kama Mheshimiwa Waziri asingelihitaji mfano wa kuwaonesha Manyunyu, waliokuwa wakilalamika kila jioni kwenye klabu yao kwamba masharti ya ukaazi ni magumu. Akatangaza kwamba kuna mkaazi aliyetimiza masharti yote bila neno. Akaliita Mkaazi wa Mfano. Akasema atakuja mwenyewe kulichukua, lipelekwe mji mkuu, likawekwe juu ya nguzo mbele ya Wizara.

Mtaa mzima ulielewa. Jiwe likienda mji mkuu, mtegemezi alifuate au avushwe mto. Ndaro hawezi kusafirishwa, hata kumpeleka uani ni shughuli. Bi Siwema alikuja kwangu, hakuketi.

"Shemeji, nikiondoka, nani atamgeuza?"

Nikamwambia nitamgeuza mimi. Akaitazama mikono yangu.

"Wewe ni mtu wa maneno, shemeji. Ndaro ana uzito." Akajifunga kanga upya. "Wamesema niishi jiwe lilipo. Basi litakaa."

Akaenda mtoni na karai.

Siku ya Waziri ilikuja na zulia, bendi ya polisi na mwamvuli ule ule. Manyunyu waliwekewa viti mbele, sisi tukasimama nyuma ya kamba. Jiwe lilikuwa juu ya kiti mbele ya nyumba ya Bi Siwema, limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Waziri alihutubia mpaka bendi ikasinzia.

"Mkaazi huyu," alisema, "hakuuliza barabara iko wapi. Hakuuliza dawa ziko wapi. Hakutaka kujua nani alikula nini. Ningekuwa na raia wa namna hii, ndugu zangu, ningeitawala nchi hii nikiwa nimelala."

Tukapiga makofi, kwa kuwa tulidhani tayari anafanya hivyo. Kitambaa kikafunuliwa. Bwana Mfaume akaisoma kadi kwa sauti mpaka akafika kwenye rangi, akasita. Waziri akainama. Lilikuwa jiwe la kijivu, mbele na nyuma.

"Kadi inasema nyeusi mbele. Mbona si jeusi?"

"Nimeliogesha, Mheshimiwa," alijibu Bi Siwema. "Linakwenda mjini."

Nyuma ya kamba ile hapakuwa na mtu asiyewahi kupika, na kila aliyewahi kupika anajua weusi wa figa hautoki kwa maji. Utasugua mpaka kucha ziishe. Tukajua sote, mara moja, kwamba lile lilikuwa jiwe la mtoni. Na sote tulikuwa tumeshinda masika yote tukimwonea mama yule wivu. Nikaangalia huku na huku nani atakayeanza. Bi Kidawa akafungua mdomo, nami nikafumba macho.

"Limetakata kweli," alisema Bi Kidawa kwa uchungu. "Sabuni hiyo sijui kaipata wapi. Wenzake tunaogea majani ya mpapai."

Waziri hakuridhika. Akamwita Bwana Pelamu, kwa kuwa ushahidi wa mtu wa Manyunyu kwetu hupimwa kwa mizani yake peke yake. Nilimwona Bwana Mfaume akimnong'oneza njiani. Baadaye Bwana Pelamu aliniambia aliambiwa nini: ile nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na ikiwa jiwe si lenyewe, aliyekuwa nyuma yake ndiye anayefuata.

Akavua kofia. Akalizunguka lile jiwe polepole. Jofrei, aliyelala akiegemea figa siku ile ya foleni, alilinusa jiwe jipya mara moja, akaligeuzia mgongo. Bwana Pelamu aliona. Akamtazama Bi Siwema, akatazama dirisha la chumba, pazia lilikuwa wazi, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nondo ya dirisha. Wivu ulikuwa umemjaa usoni, naujua, si mgeni kwangu.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nilisimama nyuma yake. Mbele yake sikupata kuiona."

Akavaa kofia yake, akarudi kitini.

Bendi ikapiga. Jiwe likainuliwa na askari. Ndipo Bi Siwema akasogea, akapiga goti mbele ya kamera zote.

"Na mimi mtegemezi wake, Mheshimiwa, nimsubiri wapi?"

Waziri alikuwa mbele ya taifa, na moyo wake ulikuwa umelainishwa na sauti yake mwenyewe. "Mkaazi yuko safarini kikazi," alitamka. "Umsubiri nyumbani kwake, mpaka serikali itakapomrudisha."

Tukatazamana. Serikali hiyo ilichukua shamba la shule. Ilichukua ngoma ya ukoo wetu ikaoneshwe kwenye maonesho. Ilichukua baiskeli ya baba yangu kwa ushahidi. Hakuna aliyewahi kusubiri akaona mwisho wake. Mama wa watu alikuwa amepewa ukaazi wa maisha, na aliyempa hakujua.

*

Asubuhi iliyofuata foleni ya Idara ya Wageni ilikuwa mawe matupu, kutoka dirishani hadi barabarani. Watu walibaki nyumbani na wagonjwa wao. Bwana Mfaume akapiga simu juu kuuliza afanye nini, na jibu likarudi upesi: mawe ya ng'ambo ya mto yasubiri, mawe ya Manyunyu yatangulie. Yamekwisha kuja, yamefungwa kwa pamba. Yamejengewa banda, na mhudumu huyapitishia chai. Bwana Pelamu ndiye peke yake anayesimama mwenyewe, juani, nyuma kabisa. Kadi yake inaisha.

Jana nimepita pale, nikayaona yale mawe kivulini, moyo ukaniuma. Nikaenda zangu mpaka kwa Bi Siwema. Jikoni mafiga yalikuwa matatu, la tatu jeusi mbele, na sufuria imekaa sawasawa, haimwagiki. Yeye alikuwa chumbani.

"Haya, baba," nilimsikia, "upande wa pili."

Kitanda kikalia, kikatulia. Nilisimama mlangoni naitazama ile sufuria. Nyumbani kwangu mimi, raia wa kuzaliwa, sufuria bado inainama.